Chemba ya Kumi na Saba

Ofisi ya maji taka ilikuwa na kompyuta mbili, kabati la chuma lililojaa michoro, na mtu mmoja aliyeitwa Ramani. Kompyuta zilikwama kila zilipopenda na michoro ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni, lakini Ramani alikuwepo kila siku saa moja na nusu asubuhi, buti miguuni, penseli sikioni. Muulize chochote. Chemba ya arobaini na mbili iko wapi? Mbele ya saluni, hatua tisa kutoka nguzo ya umeme, mfuniko umepasuka upande wa kushoto, usiukanyage. Hakufungua mchoro wala hakukuna kichwa.

Jina hilo hakulipata kwa wazazi wake. Alipewa na mafundi aliowasimamia, naye akalivaa kama koti la sikukuu. Tatizo la sifa ni hilo, jamani: ukishapewa, unabaki na kazi ya kuilinda. Maana katika chemba mia tatu na kumi na mbili za mji ule, kulikuwa na moja aliyoijua kuliko zote, na hiyo hakuitaja hata siku moja. Chemba ya kumi na saba ilikuwa chini ya sebule yake.

Ilianza kwa mapenzi, kama ujinga mwingi unavyoanza. Miaka kumi na minane nyuma, mkewe alitaka sebule ya kukaa na watu kwa heshima, na kiwanja kilikuwa kidogo, na katikati ya uwanja wa mbele kulikuwa na mfuniko wa chuma wa chemba. Wakati ule bomba lilihudumia nyumba chache tu. Ramani alijiambia, nani atalihitaji shimo hili? Akalimwagia zege juu, akapanga vigae, na juu ya vigae akasimamisha kabati la glasi la mkewe. Ofisini akachukua mchoro, akapiga mstari kwenye namba kumi na saba, na pembeni akaandika neno moja kwa penseli: imekufa. Basi. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa akienda Jumamosi, peke yake, kuzibua bomba kupitia chemba ya kumi na sita kwa fito ndefu. Watu wakasema, tazameni mtu anayeipenda kazi yake! Ala! Mtu alikuwa analinda kaburi lake mwenyewe.

Kisha vita vikapamba moto ng'ambo ya mpaka, na watu wakaanza kuja. Walikuja kwa malori, kwa miguu, na wengi wao wakaishia mtaa wa chini kwa sababu vyumba vya huko vilikuwa rahisi. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu ishirini. Uwanja uliokuwa wa kuchezea watoto ukajengwa safu ya vyumba kumi na viwili vya matofali, mlango kwa mlango. Ndani ya miaka miwili mtaa ulikuwa na watu mara tatu, na vyoo vyote vile vilitegemea mashimo ya zamani yaliyojaa mpaka mdomoni. Gari la kunyonya lilipita asubuhi na jioni, na bado halikutosha.

Na chemba ya kumi na sita, ile iliyoko mbele ya duka la dawa, ikaanza kutapika barabarani.

Mwenye duka la dawa alikuwa na sauti. "Tangu waje hawa watu, mji unanuka!" alimwambia kila mteja, pamoja na chenji. Wateja waliitikia, wakaenda nalo nyumbani, na baada ya muda lilikuwa ndilo jambo ambalo kila mtu analijua. Ramani alipita pale kila siku, akalisikia, akainamisha kichwa na kuendelea na safari yake.

Mradi wa bomba jipya ulipoanza, ofisi iliajiri vibarua, na miongoni mwao alikuwemo mwanamke mmoja mkimbizi, mrefu, mwenye kilemba cha bluu ambacho hakikuwahi kupata tope. Mafundi wakamwita Shemeji siku ya kwanza, kwa utani, kwa kuwa mmoja wao alidai ameshaamua kuoa katika ukoo wake. Yeye akajibu, "Mahari yenu mtaanza kulipa kwa kunichimbia upande wangu," akawapa sururu. Tangu hapo naye akawaita wote shemeji, na jina likakaa.

Ilichukua wiki tatu kujulikana kwamba huko kwao alikuwa msimamizi wa maji taka kwa miaka kumi na minne, katika mji mkubwa kuliko huu. Vyeti viliungua pamoja na ofisi yenyewe. Ilijulikana kwa sababu siku moja alifunua mfuniko wa kumi na sita, akachungulia, akaenda mpaka kumi na nane, akachungulia, akarudi mikono kiunoni.

"Shemeji Ramani, hebu niambie. Hii imejaa pomoni, na ile ya mbele ina mchirizi tu. Kama tatizo ni watu kuwa wengi, si zingejaa zote mbili?"

"Bomba la zamani lina mambo yake," alisema Ramani.

"Mambo gani?"

"Mambo." Akaondoka kwenda kuhesabu matofali ambayo yalikwisha kuhesabiwa.

Injinia wa mradi alikuwa kijana mpole anayetembea na michoro kwapani. Shida yake ilikuwa moja, na aliieleza mbele ya wote, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. Maji taka hayana adabu ila moja tu: hayapandi mlima. Bomba jipya kutoka mtaa wa chini lilipaswa kuungana na bomba kuu la zamani. Kwenye chemba ya kumi na sita haliwezi, iko juu mno. Kwenye ya kumi na nane linaweza, lakini njia ya kufika huko inapita katikati ya vile vyumba kumi na viwili. "Kungekuwa na chemba hapa katikati," alisema, akichomeka kijiti, "tungepita kwenye kichochoro bila kugusa nyumba ya mtu. Ramani, ile ya kumi na saba ndiyo ilikufa kabisa?"

Mafundi wote wakamgeukia. Jua lilikuwa kali, na Ramani alihisi jasho likimshuka mgongoni mpaka kwenye mkanda.

"Ilikufa," alisema.

"Basi. Ramani akisema haipo, haipo." Injinia akashusha pumzi. "Kesho saa nne tunapaka alama nyekundu kwenye vyumba. Watapewa mwezi mmoja kuhama."

Shemeji alikuwa ameshika koleo. Yeye alikaa chumba cha saba, na mama yake na binti zake wawili. Aliliegemeza koleo ukutani taratibu, akaenda kwenye sanduku la vifaa, akachukua kamba ya kupimia.

Mchana huo, wenzake walipokuwa wanakunywa chai kivulini, Ramani alimwona akifunua tena kumi na sita, akichungulia bomba linatokea upande gani, kisha akichomeka kigingi na kuivuta kamba kufuata upande ule ule. Akaenda kumi na nane, akafanya vivyo hivyo na kamba ya pili. Chai ikampalia Ramani. Kamba mbili, moja kutoka huku, moja kutoka kule, zilikuwa zinakuja zimenyooka kuelekea kwenye ukuta wa nyumba yake. Miguu ilimwambia kaa, lakini aliinuka.

Alimkuta kwenye uzio, ameshaanza kuzikunja kamba kwenye kiwiko.

"Shemeji," alisema yule mwanamke kwa sauti ya chini, "bomba halipindi kona bila chemba. Mimi na wewe tunalijua hilo kama tunavyojua majina ya mama zetu. Kamba zote mbili zinaingia kwenye ukuta wako. Zinakutana ndani, hatua nne hivi kutoka dirishani. Kuna nini hapo?"

"Kabati." Neno lilimtoka lenyewe.

"La nini?"

"La glasi."

Shemeji alitaka kucheka, ikaonekana kabisa mdomoni, lakini kicheko hakikufika. Ramani akatazama huku na huku. "Umemwambia Injinia?"

"Nimwambie nini? Mkimbizi anataka nyumba ya mwenyeji ibomolewe ili chumba chake kipone? Nikisema mimi, nitakuwa mchonganishi mpaka kufa kwangu. Ni lako. Liseme wewe." Akaendelea kukunja kamba. "Nyumba yangu ya kwanza hakuna aliyeniuliza. Tuliamka haina paa. Hii ya sasa ni chumba kimoja, na choo tunachangia familia nne, sawa. Lakini mama yangu haoni vizuri, na ameshazoea mlango uko wapi. Imemchukua mwaka mzima. Sina nguvu ya kumfundisha mlango mwingine, shemeji."

Akamkabidhi kamba, akarudi kwenye koleo lake.

Jioni Ramani alikaa sebuleni akilitazama kabati. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima, mumewe akiwemo, ulimwita Mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari mezani.

"Leo kabati limekukosea nini?" aliuliza bila kuinua macho.

Ramani akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi mwanzo, akaruka katikati, lakini alieleza yote, zege, vigae, penseli, fito za Jumamosi, kamba mbili. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unadhani pua yangu hii ni pambo?" Akaigusa kwa kidole. "Miaka kumi na minane nasugua vigae hivi kwa sabuni ya maua, napulizia marashi, na harufu iko pale pale. La kuvunda halina ubani, baba. Mvua kubwa ikinyesha, glasi zinatetemeka zenyewe humo kabatini. Nikasema, mume wangu ndiye fundi wa maji taka, acha nione atanificha mpaka lini."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa naipenda sebule," alisema Mwalimu.

Walitazamana, wezi wawili wa shimo moja. Halafu Mwalimu akachomoa daftari moja kwenye rundo, akaliweka mbele ya mumewe. Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka kuliko mistari yenyewe.

"Unamjua huyu? Ni binti mdogo wa huyo kibarua wenu. Wenzake wanamwita Mnuko. Mnuko, mtoto wa miaka minane! Wameyasikia kwa wazazi wao, na wazazi wameyasikia dukani. Kila wiki nawasimamisha nawakemea. Kumbe huo mnuko wenyewe nimeutandikia zulia mimi." Akainuka, akafungua kabati, akaanza kutoa glasi moja moja na kuzifunga kwa magazeti.

"Unafanya nini?"

"Nahamisha glasi. Au umepanga kuzivunja na zenyewe?"

Asubuhi iliyofuata, saa nne kasoro, safu ya vyumba ilikuwa imejaa watu. Wapangaji walisimama milangoni, wengine wamebeba watoto. Mama yake Shemeji alikaa kwenye kigoda mbele ya chumba cha saba, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Mwenye duka la dawa naye alikuja, maana jambo kama hilo haliwezi kutokea asilione. Injinia alikuwa ameshafungua kopo la rangi, brashi mkononi, na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri.

"Injinia," Ramani aliita kutoka nyuma. "Funga kopo."

Watu wakampisha njia. "Chemba ya kumi na saba haikufa. Niliizika ikiwa hai. Iko chini ya sebule yangu, niliijengea juu mwenyewe, na kwenye mchoro nikaandika uongo kwa mkono wangu. Njia ya kichochoro ipo. Hakuna chumba cha kuvunjwa hapa isipokuwa changu."

Fundi mmoja akapasuka kwa kicheko, mwingine akamfuata. Lakini Injinia hakucheka.

"Ramani," alisema polepole. "Wewe? Mimi nilikuwa nakwenda kuwatoa watu hawa."

"Najua."

"Kwa neno lako."

"Najua, mwanangu," alisema Ramani, na kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, alitamani angekuwa anaitwa kitu kingine.

Zege alilivunja yeye. Mafundi walitaka kumsaidia, akakataa, akashika nyundo na tindo, akapiga magoti pale kabati lilipokuwa. Mwalimu alikuwa ameondoa zulia, viti na mapazia, na akasimama mlangoni kilemba kimefungwa kwa kazi. Kigae cha kwanza kilipopasuka alifumba macho. Cha pili alikitazama. Ilipofika saa saba zege likaachia, mfuniko wa chuma ukaonekana, na walipouinua kwa mtaimbo harufu ilipanda ikawatoa watu wote mbio mpaka uwanjani, ila watu wawili. Hao wawili walikuwa wamepiga magoti kila mmoja upande wake wa shimo, wanachungulia.

"Unaona?" aliuliza Shemeji. "Kuna kitu pale mdomoni mwa bomba."

"Naona."

"Nilikwambia. Si watu kuwa wengi."

Alishusha ndoano ndefu, akatafuta, akanasa, akavuta. Matambara yalitoka kwanza, rundo zito la matambara na mizizi na mchanga wa miaka. Kisha kikatoka kile kilichoyashika yote hayo, kimekwama kwa ubavu kama kifuniko cha sufuria. Karai la kubebea zege. Shemeji alilimwagia ndoo ya maji. Kwenye kitako, kwa rangi nyekundu ya mafuta ambayo haikukubali kufutika, kulikuwa na herufi kubwa: RAMANI.

Karai lilikuwa limempotea siku ile ile ya kumwaga zege. Aliwahi kumlaumu jirani yake kwa wizi, na hawakusemeshana mwaka mzima.

Huko chini maji yalinguruma, yakasukumana, yakapita. Nje barabarani mtoto akapiga kelele kwamba chemba ya mbele ya duka inashuka, na kweli ilikuwa inashuka, kidogo kidogo, mpaka ngazi za chuma za ndani zikaonekana, ambazo hakuna aliyeziona tangu mwaka uliopita. Mwenye duka la dawa aliliangalia karai lililowekwa juani. Akasoma jina kwa sauti. Akamtazama Ramani, akamtazama Shemeji, akafungua mdomo, akaufunga, na kwa mtu yule kuufunga ilikuwa kazi nzito. Siku ya pili alituma sanduku la glavu kwa mafundi. Hakutuma salamu, wala hakuna aliyezihitaji.

Hayo hayakumwokoa Ramani, na isingekuwa haki yamwokoe. Ilikuja barua, na Injinia akaisoma mbele ya mafundi kwa sauti isiyo na furaha. Msimamizi hatakuwa msimamizi tena. Atabaki fundi wa kawaida, chini ya uangalizi. Kazi ya kuunganisha bomba jipya ataisimamia mtu mwingine, na Injinia alikuwa ameshampendekeza, vyeti au bila vyeti.

"Basi shemeji," alisema mwanamke mwenye kilemba cha bluu, akimnyooshea Ramani ncha ya kamba. "Shika hapo. Usilegeze."

Akashika. Alishika kamba miezi minne. Mwanzoni mafundi walimtania, wakamuuliza kama bafuni kwake hakuna chemba ya kumi na tisa, naye akajifunza kucheka nao, kwanza kwa shida, baadaye kwa moyo. Bomba jipya lilipita kwenye kichochoro, pana kiasi cha mtu kutambaa ndani, kipande kwa kipande, na kila kipande Shemeji alikipima mteremko wake mara mbili. "Hili si la sisi tuliopo tu," alimwambia Injinia alipoulizwa kwa nini hana haraka. "Watu hawajaisha kuja." Injinia akaandika hilo kwenye daftari lake.

Sebule nayo ilikatwa nusu. Ukuta wa mbele ulitoka, ikabaki baraza iliyo wazi kuelekea mtaani, na katikati yake mfuniko mpya wenye namba 17 iliyochongwa. Mwalimu alilalamika wiki mbili. Wiki ya tatu akatoa viti nje, na jioni moja mama yake Shemeji aliletwa kwa mkono kukaa, akasifu upepo, na tangu siku ile akawa anafika mwenyewe, akihesabu hatua kwa fimbo.

Siku ya kufungua ilikuwa asubuhi ya kawaida, hakuna hotuba. Wakubwa walisema watakuja na hawakuja. Shemeji aligawa kazi. Yeye angekwenda chumbani kwake, kwenye choo kile cha familia nne, akamwage chupa ya rangi ya kijani, waone kama itafika. Ramani angekaa kwenye chemba ya kumi na saba na saa mkononi.

"Kwa hesabu zangu dakika kumi na moja," alisema. "Zikizidi ishirini, tumekosea mahali."

Ramani akalala kifudifudi barazani kwake, mfuniko umefunuliwa, akitazama mdomo wa bomba jipya. Mwalimu alisimama nyuma yake. Binti mdogo wa Shemeji alikuwa ameinama karibu na shimo, daftari kifuani, anahesabu dakika kwa sauti kwa sababu hakuiamini saa ya mzee.

Dakika ya nane, hakuna kitu. Ya kumi, maji meupe tu. Ya kumi na moja, hakuna. Ramani akasikia moyo wake kwenye vigae. Ya kumi na mbili. Mtoto akaacha kuhesabu.

Kisha ukatokea uzi mwembamba wa kijani, ukapanuka, ukajaza mdomo wote wa bomba, ukaingia kwenye maji ya mji na kwenda nayo.

"Imefika!" Ramani alipiga kelele, na hakuwa mtu wa kelele. Aliinuka na tumbo la shati limechafuka, akatoka mbio mpaka kwenye kichochoro. "Shemeji! Imefika kwangu! Imefika!"

Mtaa wa chini wakaanza kupiga vigelegele mlango kwa mlango, na kutoka chumba cha saba alitokea yule mwanamke, kilemba cha bluu na vidole vya kijani, akija mbio kuona.

Ofisini siku hiyo hiyo Shemeji alimkabidhi Ramani mchoro wa zamani na kifutio. Ramani alifuta lile neno kwa uangalifu ili asiichane karatasi. Kisha akauzungusha mchoro juu ya meza ukaelekea kwa msimamizi wake, akatoa penseli sikioni, akampa aandike namba kumi na saba.